Watembea Usiku

Lugha ya watu ni kama nyumba kongwe. Mna vyumba ambavyo wenyewe wanakaa kila siku, na mna vyumba vya nyuma ambavyo hakuna aingiaye tena, ingawa milango yake haikutiwa kufuli. Katika nyumba ya Kiingereza, chumba kimoja cha nyuma kimeandikwa neno noctivagant. Waingereza wengi huishi na kufa bila ya kulisikia. Ukilitafuta utalikuta katika kamusi kubwa, au katika orodha za maneno ya ajabu ambayo watu hukusanya kama wengine wakusanyavyo stempu. Maana yake ni mwenye kutangatanga usiku. Limeundwa kwa Kilatini, nusu yake ikiwa ni usiku na nusu yake ikiwa ni kutangatanga, na liliingia katika Kiingereza mnamo karne ya 17, zama ambazo wasomi wa nchi ile walikuwa na shauku ya kuivisha lugha yao majoho ya Kilatini.

Mtu akilisikia leo hutabasamu. Linasikika kama neno la mashairi, na kwa kweli lilianzia huko. Washairi wa Roma ya kale walilitumia kwa mambo ya mbinguni. Lucretius alilitaja kwa mienge inayozunguka angani usiku, na Virgil alilitaja kwa gari la mwezi. Kwao, mtembea usiku wa kwanza alikuwa nyota, na wa pili alikuwa mwezi. Hakuna aliyemshuku.

Lakini neno lilipohama kutoka mbinguni likashuka katika vichochoro vya miji ya Uingereza, lilibadilika. Makarani wa mahakama za nchi ile katika zama za kati waliandika kumbukumbu zao kwa Kilatini, na katika kumbukumbu hizo mtembea usiku si nyota tena, bali ni mshitakiwa. Fulani bin fulani, wanaandika, ni mtembea usiku wa kawaida. Na hayo yalitosha. Hawakulazimika kuongeza kwamba aliiba au alipiga mtu. Kosa lake lilikuwa kuwa nje.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: Na sisi je? Lugha yetu nayo haimpendi sana mtu wa usiku. Mtu akionekana akirandaranda usiku wa manane, wenzake humtania, "Vipi, unawanga?" Mwanga ni yule mchawi ambaye inasemekana hutoka watu wakiwa wamelala, na utani huo, hata ukisemwa kwa kicheko, una mwiba ndani yake. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba neno hilohilo, mwanga, ndilo jina la nuru. Basi sisi nasi, kama Walatini, tumeweka chini ya sauti moja kile kinachoangaza usiku na yule anayeogopwa usiku. Sitaki kujenga hoja kubwa juu ya bahati hiyo ya sauti. Nataka kuonyesha tu kwamba hofu ya usiku ni ya watu wote. Jambo la kuchunguza ni lile linalotokea hofu hiyo inapokabidhiwa sheria, na sheria inapoanza kuchagua ni nani wa kuogopwa.

Tuanze na kengele. Katika miji ya Uingereza ya zama za kati, kengele ililia usiku ulipoingia, mara nyingi saa 2 au saa 3. Jina la kengele hiyo lilitoka katika Kifaransa, na maana yake ni "funika moto". Nyumba zilikuwa za mbao na paa nyingi zilikuwa za nyasi, kwa hiyo cheche moja iliyosahauliwa katika meko ingeweza kuuteketeza mtaa mzima. Mapokeo husema kuwa desturi hii ilitiliwa nguvu na mfalme William, yule Mnormani aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Mwanzo wake, basi, ulikuwa ni busara ya kuzuia moto. Lakini amri ya kufunika moto ikawa pia amri ya kufunga mlango, na amri ya kufunga mlango ikawa amri ya kutotoka nje. Neno la Kiingereza ambalo serikali hutumia mpaka leo kwa amri ya kutotoka nje ndilo hilohilo la kufunika moto. Hivyo ndivyo sheria zinavyokua: huingia nyumbani kwa shauri la jikoni, kisha zikakaa sebuleni.

Mwaka 1285, wakati wa mfalme Edward wa Kwanza, zilitolewa sheria mbili ambazo kwa maoni yangu ndizo baba na mama wa mambo yote yatakayofuata. Ya kwanza inajulikana kwa jina la mji wa Winchester. Iliagiza kwamba malango ya miji yenye kuta yafungwe tangu jua kutua hadi jua kuchomoza. Iliagiza pia walinzi wa zamu: watu 6 katika kila lango la mji mkubwa, watu 12 katika mji wa daraja la kati, na watu 6 au 4 katika vijiji kwa kadiri ya wingi wa wakazi. Mgeni akipita usiku akamatwe, akae mpaka asubuhi. Asipoonekana na jambo la kushuku, aende zake. Akikataa kukamatwa, walinzi wapige ukelele, na kila asikiaye atoke kumfukuza. Hata vichaka vya kando ya barabara kuu viliamriwa vikatwe, futi 200 kila upande, ili mwizi asipate pa kujificha.

Anayekumbuka sungusungu walioanza Usukumani mapema katika miaka ya 1980 hataona ugeni katika jambo hili. Wanakijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe walipiga mayowe, na kila mwanamume alitoka na silaha yake. Mtu asiyekuwa na polisi wa karibu hana budi kuwa polisi wa jirani yake. Mimi siwalaumu wale wa karne ya 13, wala hawa wa kwetu. Anayelala kwa hofu ya kuamka bila ng'ombe hahitaji kuhubiriwa juu ya uhuru wa wapita njia.

Sheria ya pili ya mwaka huo ilihusu jiji la London peke yake, na hii ndiyo inayonifikirisha zaidi. Ilisema kwamba baada ya kengele ya kanisa la St Martin-le-Grand kulia, pasiwe na mtu wa kuranda barabarani akiwa na upanga, ngao au silaha nyingine ya kufanyia ubaya. Hapo hakuna neno. Kisha ikaendelea: isipokuwa awe mtu mkubwa, au mtu mwema mwenye sifa njema inayojulikana, au mjumbe wao wa hakika aliyetumwa na mmoja kwenda kwa mwingine, naye awe na fanusi mkononi.

Tuyapime maneno hayo polepole, kwa kuwa ndani yake mna historia nzima. Sheria haikusema kwamba usiku ni hatari kwa kila mtu, kwa hiyo watu wote walale. Ilisema kwamba usiku una wenyewe. Mtu mkubwa alikuwa na ruhusa kwa sababu ya ukubwa wake. Mtu mwema alikuwa na ruhusa kwa sababu majirani walimjua. Mtumishi alikuwa na ruhusa kwa sababu ya bwana wake. Aliyebaki ni yule asiye mkubwa, asiye na bwana, na asiyejulikana. Na huyo ndiye aliyekuwa mtembea usiku. Watu wawili wangeweza kupita katika barabara ileile, saa ileile, kwa mwendo uleule, mmoja akasalimiwa na mwenzake akafungwa.

Na ile fanusi je? Sisi tumezoea kudhani kwamba taa hubebwa ili mwenye kuibeba aone njia. Fanusi ya sheria hii ilikuwa na kazi nyingine: ilibebwa ili mwenye kuibeba aonekane. Ilikuwa ni cheti cha moto. Mwenye fanusi alikuwa anasema kwa mbali, kabla hajaulizwa, kwamba hana la kuficha. Asiyekuwa nayo, hata kama sababu ni kwamba hakuwa na pesa ya mshumaa, alikuwa amekwisha kujishitaki.

Waliokamatwa walipelekwa katika jela iliyojengwa katika miaka ya 1280 kwenye mtaa wa Cornhill, nayo iliitwa Pipa, kwa kuwa umbo lake lilifanana na pipa lililosimamishwa. John Stow, mshona nguo aliyeandika historia ya London na kuichapisha mwaka 1598, anatusimulia kwamba jela hiyo ilitengwa hasa kwa watembea usiku na wengine wa namna hiyo. Anasimulia pia kwamba hata mapadri walikutwa nje wakatiwa humo, mpaka askofu akalalamika, na mwaka 1297 mfalme akaandika kukataza watu wa kanisa wasifungwe katika Pipa. Watu wa kanisa wakapata mtetezi. Wengine waliendelea kungoja asubuhi. Haukupita muda, raia wenye hadhi walilivunja Pipa na kuwatoa wafungwa, nao wakaadhibiwa vikali kwa faini na kifungo. Mwaka 1401 Pipa liligeuzwa kuwa tangi la maji safi yaliyoletwa mjini kwa mabomba ya risasi. Ningetamani kusema kwamba hapo ndipo kosa la kutembea usiku lilipokwisha, lakini Stow huyohuyo anatuambia kwamba kando ya tangi palijengwa kizimba kipya cha kuwafungia walewale.

Wakati huohuo sheria ilizidi kunyoosha mkono. Mwaka 1331, Edward wa Tatu alithibitisha sheria ya Winchester na kuongeza kwamba washukiwa wakamatwe hata mchana, wakae kizuizini mpaka waje majaji wa kuwahukumu. Kumbuka kwamba kwa sheria ya kwanza mtu aliyeshukiwa bure aliachiliwa asubuhi. Sasa asubuhi yenyewe ilisogezwa mbele.

Lakini mji hauwezi kuishi bila ya watu wa usiku. Mkunga hachagui saa. Mwoka mikate hulazimika kuamka wenzake wakiwa katika usingizi mzito, la sivyo hakuna atakayefungua kinywa asubuhi. Wale waliotapisha vyoo vya London waliamriwa kuifanya kazi hiyo usiku tu, ili waungwana wasione wala wasisikie harufu. Hivyo sheria moja ilimkataza maskini kuwa nje usiku, na sheria nyingine ilimkataza kuwa nje mchana. Tangu zamani mji umekula mkate wa watu wa usiku na kuwashuku waliouoka.

Walinzi nao hawakuwa malaika. Wengi walikuwa raia waliolazimishwa zamu, wazee na wachovu, waliopenda kukaa karibu na moto kuliko kumfuata mwizi gizani. Shakespeare, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi zilizofasiriwa na Mwalimu Nyerere, alitunga mwishoni mwa karne ya 16 mchezo mwingine wa kuchekesha wenye mkuu wa walinzi aitwaye Dogberry. Mkuu huyu anawashauri watu wake kwamba wakikutana na mwizi, lililo salama ni kumwacha aende, wasije wakachafuka kwa kukaa naye. Watazamaji walicheka kwa sababu waliwajua walinzi wa namna hiyo. Ila jambo moja halichekeshi: mlinzi anayemwogopa mwizi wa kweli atatafuta wapi watu wa kukamata ili aonekane kafanya kazi? Atawatafuta miongoni mwa wasioweza kumdhuru.

Ndipo tunapofika kwa wanawake. Katika zama za kati, watembea usiku walioandikwa mahakamani wengi walikuwa wanaume, wakishukiwa kwa wizi na kusikiliza madirishani. Kufikia karne ya 17, kama alivyoonyesha mwanahistoria Paul Griffiths katika makala yake ya mwaka 1998, neno hilo la mahakamani lilikuwa limegeuka London kuwa kosa la mwanamke. Mwanamume aliyekuwa nje usiku aliweza kuwa na sababu mia. Mwanamke alidhaniwa kuwa na moja tu. Alipelekwa Bridewell, jumba la kifalme lililotolewa kwa jiji mwaka 1553 liwe nyumba ya kurekebishia watu, na huko urekebishaji ulikuwa kazi ngumu na viboko. Wengine walikuwa wanauza miili yao, hilo ni kweli. Wengine walikuwa watumishi waliofukuzwa na mabwana zao na hawakuwa na pa kulala. Swali la walinzi halikuwatenga hawa na wale.

Kuna kesi moja ya mwaka 1709 ambayo naona ingefaa kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Askari mmoja wa parokia, jina lake Bray, alimkamata mwanamke aitwaye Anne Dekins katika eneo la Covent Garden akimshuku kuwa mtu wa mwenendo mbaya. Wakati ule hakuwa amefanya kosa lolote. Bray hakuwa na hati, na tena alikuwa nje ya parokia yake, mahali ambapo hakuwa na mamlaka. Wanaume watatu, ambao hawakumjua mwanamke huyo kabisa, walimwona akichukuliwa wakataka kumwokoa. Katika vurugu iliyofuata, mtu mmoja aitwaye Dent, aliyeitwa na Bray kumsaidia, aliuawa kwa upanga. Je, ilikuwa ni mauaji ya kukusudia, ambayo malipo yake yalikuwa kitanzi? Majaji 12 waligawanyika, 7 dhidi ya 5. Walio wengi, wakiongozwa na Jaji Mkuu Holt, walisema si ya kukusudia. Hoja yao ilikuwa kwamba kumfunga mtu bila ya sheria ni uchokozi kwa kila mtu anayeuona, maana uhuru wa mmoja ni jambo la wote. Na mwanamke, hata kama sifa yake ni mbaya, ana haki ya kupita barabarani kama mtu mwingine.

Majaji wa baadaye waliilaumu hukumu hiyo, wakasema inawapa watu wenye hasira kisingizio cha kuua. Nami siwezi kuwatetea wale watatu, kwa kuwa Dent alikufa na hakurudi. Lakini wazo la Holt ni la kutunzwa. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache kuliko majaji: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Karne 4 na zaidi baada ya ile sheria ya fanusi, mtu alithubutu kusema mahakamani kwamba swali si wewe ni nani, bali umefanya nini.

Kisha taa zikaanza kutoka mikononi. Stow anasema kwamba tangu zamani za meya Henry Barton, mnamo 1416, wenye nyumba waliamriwa kutundika fanusi nje jioni za majira ya baridi. Mwaka 1807 taa za gesi zilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika mtaa wa Pall Mall, na katika miaka michache zilienea mjini. Mwaka 1829 polisi wa kulipwa mshahara walichukua nafasi ya walinzi wa zamu. Sasa hata asiyekuwa na mshumaa aliweza kuona njia yake. Usiku ukawa na maduka, maonyesho na matembezi. Tungetarajia kwamba mtembea usiku angesahauliwa.

Alisahauliwa kwa jina tu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wazururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na barabara zilijaa askari walioachishwa na maskini waliotafuta kazi. Sheria hiyo ilimfanya kuwa mkosaji mtu aliyelala nje au katika ghala, asiye na njia ya kujikimu, na asiyeweza kujieleza vizuri. Narudia: asiyeweza kujieleza vizuri. Fanusi ilikuwa imetoka mkononi na kuingia mdomoni. Mwenye ufasaha na nguo safi alipita. Mwenye kigugumizi na matambara alibaki.

Mtembea usiku mashuhuri kuliko wote wa karne ile alikuwa Charles Dickens. Katika insha yake ya mwaka 1860 anasimulia kwamba wakati fulani usingizi ulimkimbia, akawa anatoka saa 6 na nusu usiku na kutembea London mpaka jua kuchomoza. Alipita penye madaraja, penye jela ya Newgate, penye hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwaza. Ni insha nzuri sana. Ndani yake mna kisa kifupi: kwenye ngazi za kanisa la St Martin nusura amkanyage kijana mmoja aliyelala pale, amejifunga matambara. Wote wawili walishtuka. Dickens alinyoosha mkono ampe pesa, yule kijana akaogopa, akajipopotoa na kukimbia, akamwachia matambara yake mkononi.

Mimi hukiwaza kisa hicho mara kwa mara. Watu wawili, usiku mmoja, mji mmoja, na wote wawili ni noctivagant kwa maana kamili ya kamusi. Mmoja atarudi nyumbani kunywa chai na kuandika insha itakayosomwa miaka zaidi ya 150. Mwingine, kwa sheria ya 1824, ni mkosaji. Ndiyo maana kijana alikimbia. Alijua, bila ya kusoma sheria, kwamba mkono unaonyooshwa kwake gizani ni mkono wa kukamata.

Sheria za Waingereza hazikubaki kwao. Zilipakiwa melini pamoja na mihuri na vitabu vya kodi. Katika Kenya, wanaume Waafrika walilazimishwa kuvaa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha bati. Na mzee wa leo akisikia neno hilo bado anajua maana yake. Hicho kilikuwa ni fanusi ya 1285 iliyogeuzwa kuwa karatasi: uthibitisho kwamba una bwana anayekujua. Tanganyika ilipopata kanuni yake ya adhabu mwaka 1930, ndani yake yaliingizwa makosa ya uzururaji yenye damu ya sheria ile ya 1824. Miongoni mwake ni kukutwa ukitangatanga barabarani au karibu na majengo, katika saa na hali inayomfanya mtu adhani kwamba una nia mbaya. Mtu gani adhani? Yule anayekukamata.

Bendera ilishushwa, kanuni ikabaki. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria ya Nguvukazi, na wanaokumbuka misako ya siku zile wanakumbuka swali lake: una kitambulisho cha kazi? Huko Uingereza kwenyewe, kifungu kimoja cha ile sheria ya 1824 kilitumiwa katika miaka ya 1970 kuwasimamisha vijana weusi mitaani kwa kushukiwa tu, wengi wao wakiwa watoto wa wahamiaji kutoka Karibiani. Mwaka 1981 mtaa wa Brixton uliwaka moto, na mwaka huohuo kifungu hicho kikafutwa. Kenya ilifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza nalo lilipitisha uamuzi wa kuifuta sheria ya 1824.

Na tarehe 4 Desemba 2020, katika mji wetu wa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa ushauri ulioombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Mahakama ilisema kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika: zinavunja usawa, zinavunja utu, zinavunja uhuru wa kwenda, na zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake. Nchi zikashauriwa kuzirekebisha au kuzifuta. Ushauri si amri, na polisi wa doria hasomi maamuzi ya mahakama kabla ya kutoka kituoni. Hata hivyo, niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Jaji Holt na yule Anne Dekins.

Ninamjua binti mmoja wa ukoo wetu ambaye ni muuguzi. Usiku mmoja alitoka zamu akasimamishwa na watu wa doria. Maswali yake yalikuwa manne: wewe nani, unatoka wapi, unakwenda wapi, na nani anakujua? Alikuwa na sare ndani ya mfuko, na sare ikamwokoa. Aliponisimulia hakulalamika sana. Alisema tu, "Shemeji, ningekuwa ninatoka kusuka nywele ningesema nini?" Sikuwa na jibu. Maana jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1285, na mtu wa kusuka nywele hakutajwa ndani yake.

Wezi wapo. Wanga, kwa anayeamini, wapo. Mlinzi anayekesha ili mimi nilale ninamshukuru, na naye mwenyewe, tusisahau, ni mtembea usiku. Ulinzi ni jambo la lazima, wala sisemi milango iachwe wazi. Nasema kwamba ziko njia mbili za kuutawala usiku. Moja ni kumwambia kila maskini abebe fanusi ili tumwone. Nyingine ni kutundika taa barabarani ili naye aone. Miji imejifunza hii ya pili polepole, taa moja moja, na mitaa mingi ya kwetu ingali inangoja zamu yake.

Huko nje, saa hizi ninapoandika, wavuvi wa dagaa wamewasha karabai zao baharini, na mwanamke wa chapati ameanza kukanda unga. Waingereza wanalo neno kubwa la Kilatini kwa ajili yao. Sisi tunaweza kuwaita kwa majina yao, na kuwauliza habari za kazi.